Kiti Kisichokaliwa

Nafungua dirisha kiganja kimoja, si zaidi.
Jua la Mikindani halina adabu kwa mahameli:
limekwisha kunywa wekundu wote wa mgongo wa kochi hili,
likaacha rangi ya ganda la korosho.
Ukitaka kujua lilivyokuwa, inua mto,
chungulia pembeni, pasipofika mchana:
pale bado pekundu.

Nalala chali sakafuni,
tochi mdomoni, chini ya kochi la watu waliokufa,
nahesabu misumari.

Bwana Nandonde wa Halmashauri yuko mlangoni.
Wageni wanakuja mwezi wa saba, anasema.
Ng'oa hilo tambara, Somoe, tia sponji,
vika kitambaa cha dukani, kinachong'aa.
Natoa tochi mdomoni nimjibu:
mzee akiota mvi hatumchuni ngozi.
Anacheka. Haandiki kitu.

Ndani kuna makumbi ya nazi,
juu yake sufi, juu ya sufi marekani,
na juu kabisa ndiyo hiyo mahameli iliyokuja kwa meli.
Nikiyapitishia mvuke kidogo, makumbi yananuka tope,
tope la pwani yalimozikwa miezi
mpaka wanawake wakayafukua, wakayaponda kwa mti.
Kibao cha mlangoni kinamtaja aliyekalia.
Walioponda hawamo.
Wamo humu.

Kwenye mkunjo wa kushoto nimetoa kwa kibano
kishikizo cha mfupa, meno mawili ya kitana,
punje saba za ufuta.
Kila kimoja na bahasha yake, na tarehe.
Ufuta nimeuhesabu mara mbili, nikacheka peke yangu:
mtu alikula kashata hapa kwa siri
akajifutia kitini.

Mapazia yalikuwa na nondo. Mashine za kazi hiyo sina.
Nikayafunga kwa nailoni, tabaka tatu,
nikayapeleka Mtwara, feri, kwa Bi Halua Mchopa muuza samaki,
yakalala wiki mbili frijini mwake, chini ya changu na pweza.
"Unagandisha nguo, mwanangu?"
Wadudu, nikamwambia. Baridi inawaua, na mayai yao.
Akanyamaza, anaparua magamba.
Kisha akauliza kama kanga ya marehemu mama yake
nayo ingeingia.
Iliingia. Maneno yake yamebaki nusu,
mwanzo umeliwa:
...MUULIZE ALIYEKUTUMA.

Leo nimefika ukingo wa chini, nikasita.
Mishono ya fundi wa kwanza imelalia kushoto.
Yote, mia moja na kumi na minne,
imeinama kama mvua yenye upepo.
Alikuwa mashoto.
Mimi nilichapwa rula darasa la pili, pale Mitengo,
hadi nikaandika kwa mkono usio wangu.
Sindano tu haikuambiwa.

Nashona wavu mwembamba juu ya palipochanika,
uzi wa hariri, rangi ya ganda la korosho,
si nyekundu, maana sitaki kumdanganya mtu.
Kila fundo naliacha mahali pa kuonekana
ili atakayekuja na ujuzi kunizidi
akate mara moja, kazi yangu yote itoke,
kochi libaki kama nilivyolikuta.

"Sasa ukishona cha kufumuliwa,
umefanya nini?" anauliza Nandonde,
na safari hii hacheki, anataka kujua kweli.
Nimekosa jibu la kuandikwa kwenye ripoti.
Nimemwonyesha mshono wa yule mashoto, nikamshika kidole,
nikakipitisha juu yake polepole.
Amekirudisha mwenyewe, mara ya pili.

Nikaomba kamba ya kuzuia watu wasikae.
Kamba haimo kwenye bajeti.
Basi nimekwenda nyuma ya nyumba,
nimekata tawi la mchongoma, lenye miiba yake,
nikalilaza katikati ya kochi juu ya karatasi nyeupe.
Likae hilo.